Pesa Haikai kwa Fundi Baridi

Mtaani walimwita Fundi Baridi kwa sababu alitengeneza mafriji, na pia kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kumwona amekasirika. Friji likikataa kugandisha, likivuja maji au likikoroma kama mzee mwenye mafua, watu walilibeba mpaka kwenye kibanda chake cha mabati karibu na stendi. Yeye angelipiga kofi la upole ubavuni, akatega sikio, kisha akasema, "Huyu gesi imemtoka," au, "Huyu ni moyo, kompresa imekufa." Hakuwa mtu wa kukosea. Joto likipamba moto, mafriji yaliyosubiri zamu yake yalijipanga mpaka barabarani, na wapita njia wakawa wanayazunguka kama wanavyozunguka ng'ombe.

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa dobi. Alipanga chumba kimoja cha mbele kwenye jengo la maduka, chenye meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi mbili, chupa ya kunyunyizia maji, na kamba iliyolemewa na mashati ya watu wa maofisini. Watani walisema Mungu aliwaoanisha kwa mahesabu: mume anapoza, mke anapasha. Mama Pacha alishaacha kuucheka utani huo. Aliishi na huyo bwana miaka ya kutosha kujua kwamba ndani ya nyumba yao, kitu pekee ambacho mumewe hakuweza kukihifadhi kisiharibike ni pesa.

Ijumaa Fundi Baridi alirudi kama bwana harusi. Tikiti maji kwapani, nyama ya kulisha ukoo, soksi dazeni nzima alizonunua kwa kijana wa barabarani kwa sababu kijana alionekana amechoka. Safari moja alileta taa inayowaka ukipiga makofi. Wiki nzima watoto wakikohoa tu, taa inawaka. Ikifika Jumanne, mtu huyohuyo alisimama mlangoni mwa chumba cha kupigia pasi, amejishika kiuno, anaangalia mashati.

"Mama Pacha, una nauli hapo?"

"Ya kwako imekwenda wapi?"

"Ilikuwepo."

"Najua ilikuwepo. Nauliza imekwenda wapi."

"Pesa ni ya kupita, mke wangu. Haijengi kwa mtu."

Kola ya shati la karani mmoja iliungua kwa sababu ya jibu hilo, na Mama Pacha akalilipa shati lile kwa jasho lake.

Kilichomkera zaidi ni kwamba mumewe hakuwa na dhambi ya kumnyooshea kidole. Angekuwa mlevi, angemsema kwa ulevi. Angekuwa na mwanamke wa nje, basi shangazi wote wangekuja na vitenge vimefungwa viunoni, na jambo lingejulikana mwanzo wake na mwisho wake. Lakini huyu mtu hakunywa, hakuvuta, hakuchelewa kurudi. Pesa zake zilimtoka kama mchanga kwenye ngumi. Pale kwa muuza chai alilipia meza yote, hata watu waliokaa kusubiri mvua ikatike. Bibi mjane akileta friji, alimtengenezea bure na gesi akaweka ya kwake. Mtu akimwambia "Fundi, nina shida," hata kabla shida haijatajwa mkono ulishaingia mfukoni.

Mama Pacha alijaribu kila dawa. Alificha pesa ndani ya debe la mchele, na mume aliyekuwa hajawahi kupika tangu azaliwe akaamua siku hiyo kuwasaidia watoto kupika. Akanunua kibubu cha bati, akakichomelea kifuniko. Siku ya kukivunja akakuta kitako kimekatwa na kuchomelewa upya, ndani sarafu tatu na kipande cha karatasi chenye mwandiko wa mumewe: "Nitarudisha." Alikaa na kile kipande cha karatasi mkononi akijiuliza amlilie nani.

Kisha likaja suala la mlango.

Mwenye nyumba wao alikuwa mama mtu mzima, mwembamba, mwenye miwani ya kamba na sauti ya kunong'ona. Hakuwahi kugombana na mpangaji. Alikuja, akakaa kwenye kiti, akanywa maji, akasema, "Basi nitapita tena," na akaondoka. Alipita tena kwa miezi mitatu. Mwezi wa tatu, Fundi Baridi akapata kazi kubwa ya kufufua chumba cha baridi cha mwenye bucha mmoja, kazi ambayo mafundi wawili walishaikimbia. Asubuhi ya malipo alimshika mkewe bega, akamwambia, "Leo kodi inaisha yote. Ukirudi, hilo deni sahau." Mama Pacha aliamini, kama mkulima anavyoamini wingu.

Alifunga kazi mapema, akapitia sokoni, akanunua mboga bila kubishania bei. Alipokata kona ya nyumbani, kitu cha kwanza kuona kilikuwa pazia lao la sebuleni linapepea nje, barabarani, kama bendera. Akadhani dirisha limeachwa wazi. Alipokaribia akaona dirisha limefungwa. Kilichokosekana ni mlango. Haukuwa umevunjwa wala kufunguliwa. Haukuwepo kabisa, na bawaba zake zimeng'olewa vizuri, misumari imekusanywa pembeni. Ndani muziki ulikuwa unatikisa ukuta. Mumewe alikaa kwenye kochi mbele ya spika refu kama mtoto wa darasa la tano, anatingisha kichwa.

"Baba Pacha, mlango uko wapi?"

Alipunguza sauti. "Mama mwenye nyumba alikuja na seremala. Wameondoka nao."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapahapa. Niliwasaidia kuubeba mpaka kwenye mkokoteni. Ni mzito ule mlango, usione hivi."

Mama Pacha aliweka kikapu chini. Alimwangalia mumewe, akaliangalia spika, akamwangalia tena mumewe. "Pesa ya bucha," alisema.

"Nilikuwa nakuja nayo. Njiani nikakutana na jamaa analiuza hili. Bei ya kutupa, Mama Pacha. Na alikuwa na mgonjwa."

Mama Pacha akakaa kizingitini, miguu barabarani, mgongo ndani ya nyumba. Watoto wakarudi kutoka shule wakamkuta hapo. Pacha mmoja akauliza, "Mama, tunahama?" Mwenzake akamjibu kwa niaba ya mama, "Hatuhami. Tumefungua duka."

Siku zilizofuata walining'iniza shuka pale mlangoni. Kuku wa jirani aliingia na kutoka kama mpangaji. Wageni walifika, wakainua mkono kubisha, wakakosa cha kubisha, wakabaki wanasema "hodi" huku tayari wanamwona Mama Pacha ndani anachambua mboga. Yeye aliitikia "karibu" kwa meno yaliyobanwa. Spika liliuzwa kwa nusu ya bei, akaongeza za mashati aliyopiga pasi usiku na mchana, akaazima kidogo kwa jirani, na mlango ukarudi. Seremala aliufunga upande, ukawa unakwaruza sakafu kila ukifunguliwa, na kila ukikwaruza moyo wake nao ulikwaruzwa.

Jumapili, watoto walipokwenda kucheza, alimketisha mumewe mezani.

"Sitaki ahadi," alisema. "Ahadi ninazo, zinajaza debe. Nataka uniambie kitu kimoja. Pesa ikiwa mfukoni mwako, unasikia nini?"

Alitegemea jibu la mzaha. Fundi Baridi alikwangua gundi iliyokauka kwenye kidole gumba. "Inaniwasha," alisema. "Kama nimebeba kaa la moto. Mpaka niitoe ndiyo napumua."

"Kwa nini?"

"Nimewahi kukusimulia habari za baba? Hukumkuta. Alikuwa mtu wa kuweka. Kila kitu kesho, kila kitu akiba. Alikuwa na viatu vipya ndani ya boksi, vya kuvaa siku mambo yakikaa sawa. Tulivitoa kwenye boksi siku ya kumzika. Pesa alizoficha kwenye sanduku tulizikuta zimeshabadilishwa na serikali, hazinunui hata kiberiti. Baba zangu wadogo bado walizigombania. Mimi nikasema, yangu nitaila nikiwa na meno."

Miaka yote hiyo Mama Pacha alikuwa hajaisikia habari ya viatu. Kitu kikamlainika kifuani, lakini hakikulainika kiasi cha kupumbazwa.

"Viatu nimeelewa," alisema. "Mzee Mungu amlaze pema. Lakini mzee alikuwa na mlango."

Fundi Baridi alicheka, kisha akaacha kucheka, na pale ndipo walipokubaliana. Kesho yake Mama Pacha alikwenda kibandani na kopo la rangi nyekundu, akaandika kwenye bati kwa herufi za kuonekana ng'ambo ya barabara: MALIPO YOTE KWA NAMBA HII. Namba ilikuwa ya simu yake. Kuanzia siku hiyo wateja walilipa kwake, naye kila asubuhi akampa mume nauli, chai yake, na chai ya rafiki mmoja. Rafiki wa pili ajilipie.

Wenzake pale kwa muuza chai walimcheka mpaka wakachoka. Walimwita mkewe Waziri wa Fedha, wakawa wanamuuliza kama bajeti imepita bungeni. Yeye alitabasamu, akanywa chai yake polepole. Mama Pacha aliyekuwa amejiandaa kwa vita alishangaa kukuta adui ameshasalimu amri. Kodi ikalipwa tarehe yake. Mama mwenye nyumba alizihesabu noti, akavua miwani, akaifuta, akazihesabu upya, kisha akauliza kwa kunong'ona kama kuna mtu amefariki na kuwaachia urithi.

Mambo yakaanza kukaa vizuri, na Mama Pacha akaanza kujisikia. Mwanamke akileta mashuka kufuliwa alipewa na somo juu. "Mwanamume si wa kumwachia pesa, shoga yangu," alisema huku pasi inafoka mvuke. "Pesa inataka mkono mgumu." Wanawake walimsikiliza, wengine wakapaka namba zao kwenye vibanda vya waume zao.

Sasa Mama Pacha alikuwa na mdogo wake wa mwisho, wa kiume, ambaye alimbeba mgongoni akiwa yeye mwenyewe bado hajaota meno yote. Watu walimwita Mipango. Mipango alikuwa na mipango ya kuku wa mayai, mipango ya kuosha magari, mipango ya mashine ya barafu, na kila mpango ulipokufa alikuwa ameshapata mwingine wa kumfariji. Alikuja pale kwa dobi mchana, akakaa kwenye benchi, akamsaidia dada yake kukunja mashati, akayakunja vibaya.

"Dada, safari hii ni tofauti."

"Ile ya kuku nayo ilikuwa tofauti."

"Ile nilidanganywa na mtu. Hii natumia akili. Nipunguzie kidogo tu, nikamilishe."

Naye alimpunguzia. Kidogo tu. Wiki iliyofuata kidogo tena, kwa sababu kile cha kwanza kilikwamia njiani. Mama yao mzazi alipiga simu kutoka kijijini: "Mwanangu, mdogo wako huyo, hana baba, baba yake ni wewe." Mama Pacha akamtumia tena Mipango. Kichwani mwake hayo hayakuwa matumizi. Matumizi ni soksi dazeni na taa ya makofi. Hii ilikuwa damu. Kwa hiyo hakumwambia mumewe, si kwa kumficha, alijiambia, ila kwa kutomsumbua. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na yeye aliyekuwa analichovya ndiye aliyekuwa analilinda.

Joto liliporudi kwa nguvu zake zote, mashine ya Fundi Baridi ya kuvuta hewa ikaungua. Bila mashine hiyo hakuna gesi inayoingia kwenye friji ikakaa. Ni sawa na kumwongezea mtu damu huku kidonda kiko wazi. Alifika kwa mkewe mchana ule ule, mikono myeusi, uso mkunjufu, kwa sababu kwa mara ya kwanza maishani tatizo la pesa limemkuta akiwa na pesa.

"Mama Pacha, siku yetu imefika. Itoe ile akiba. Nimeiona mpya, mjini, nzuri."

Pasi ilisimama juu ya shati. "Kesho," alisema.

Kesho yake akasema mtandao wa simu unasumbua. Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi, wote wako mezani wanakula mchana, mlango ukakwaruza sakafu, Mipango akaingia amevaa viatu vinavyong'aa mpaka vikatupa mwanga ukutani.

"Shemeji," alisema, akamshika Fundi Baridi mkono kwa mikono yake miwili. "Nimekuja mwenyewe kukushukuru. Wengine wangesema shemeji ni shemeji tu. Lakini wewe na ile akiba yako mmeniinua. Mungu akuzidishie."

Fundi Baridi aliweka kijiko chini. "Akiba ipi?"

Mipango alimwangalia dada yake. Dada yake alikuwa anaangalia sahani kana kwamba imeandikwa kitu. Kijana, ambaye akili ya biashara hakuwa nayo ila ya kunusa hatari alijaliwa, akakumbuka kuna mtu anamsubiri mahali, akatoka hata maji hakunywa.

Watoto walipelekwa nje. Mama Pacha akachukua simu, akaanza kurudi nyuma kwenye jumbe za miamala, moja baada ya nyingine. Alidhani amempa Mipango labda robo. Aliendelea kusogeza kwa kidole, na jina la mdogo wake likaendelea kutokea. Ilikuwa zaidi ya nusu.

"Ni ndugu yangu," alisema.

"Najua ni ndugu yako. Nilikuwepo ulipoolewa, nilimwona."

"Mama alipiga simu."

"Mama Pacha." Alisimama. Sauti yake haikupanda, ila ilikuwa na kitu ambacho mkewe hakuwahi kukisikia. "Mimi chai yangu naomba kama mtoto. Wenzangu wananicheka, nacheka nao, nasema sawa, maana mlango uliondoka mimi nikiubeba kwa mkono wangu. Siku ile ulinisema nikanyamaza, kwa kuwa ulikuwa na haki. Leo haki ninayo mimi, na hata sijui inatumiwaje."

Akatoka. Hakuubamiza mlango, asingeweza, ulikuwa unakwaruza. Mama Pacha alibaki na sahani nne mbele yake na hasira isiyo na pa kukaa. Alimkasirikia mume kwa upole wake, maana angetukana wangekuwa sawa. Alimkasirikia Mipango na vile viatu. Alimkasirikia mama yake na simu zake. Alizunguka pote na hasira yake mpaka akafika kwake mwenyewe, na hapo ikakaa. Aliwakumbuka wale wanawake aliowahubiria juu ya mkono mgumu. Nyani haoni kundule, alijisemea, akaanza kukusanya vyombo kwa kelele kubwa kuliko ilivyohitajika.

Msimu ule wote Fundi Baridi alikodi mashine ya fundi mwenzake, na sehemu kubwa ya jasho la joto ikaishia kwa mwenye mashine. Kila jioni alimtajia mkewe kiasi kilichokwenda huko, bila lawama, kama mtu anayesoma habari redioni. Mama Pacha alitamani kumrushia kiatu.

Alivumilia, kisha siku moja akazima pasi, akafunga chumba, akaenda kwenye ofisi ya chama cha akiba na mikopo kule karibu na posta. Alisubiri mpaka miguu ikafa ganzi. Alipofika dirishani, karani, msichana mwenye usingizi usoni, akamuuliza anataka nini.

"Nataka akaunti ambayo mimi mwenyewe siwezi kuifikia."

Karani alizinduka kidogo. "Mama, watu wanakuja hapa kutafuta jinsi ya kuzipata pesa zao."

"Mimi nimeshazipata. Nataka kuzikosa."

"Kuna ya sahihi mbili. Wewe na mwenzako mnakuja wote, na vitambulisho, mnasaini mbele yangu. Mmoja hawezi peke yake."

"Na foleni huwa hivihivi?"

"Mwisho wa mwezi ni ndefu zaidi."

"Basi hiyo," alisema Mama Pacha. "Hiyohiyo."

Fundi Baridi alipoelezwa akauliza swali moja: "Kwa hiyo na wewe unapewa chai yako asubuhi?" Akajibiwa kwamba ndiyo, na yeye atapewa. Akakubali. Rangi nyekundu ikafutwa, ikaandikwa namba ya chama. Pesa za friji zilikwenda huko moja kwa moja, na sehemu ya pesa za mashati nayo ikafuata. Za chakula na nauli wakagawana mezani kila Jumatatu, kila mtu anamwona mwenzake.

Kazi ngumu ilibaki kwa Mipango. Alikuja baada ya wiki kadhaa, akakaa kwenye benchi lake, akachukua shati la mtu akaanza kulikunja.

"Dada, safari hii—"

"Hakuna," alisema Mama Pacha.

"Hujasikia hata ni nini."

"Nimekubeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda. Nakupenda na nitakupenda. Ila pesa ziko chamani, zinatoka kwa sahihi mbili. Ukitaka, tumpitie shemeji yako kibandani, twende wote watatu tukapange foleni, umweleze yeye mpango wako, akisaini na mimi nasaini."

Mipango aliangalia nje, jua linachoma. Akamfikiria shemeji yake. Akaweka shati chini. "Nitapita siku nyingine," alisema.

Simu ya kijijini ililia jioni hiyohiyo. Mama Pacha aliongea nayo amesimama, mkono mmoja kiunoni. Alimwambia mama yake maneno ambayo alikuwa hajawahi kumwambia: kwamba mtoto wa kiume akibebwa mpaka anaota ndevu hajifunzi kutembea. Mama yake alisema, "Kumbe mji umekubadilisha hivyo," akakata. Hakupiga tena kwa muda mrefu. Mama Pacha alilia siku mbili juu ya mashati ya watu, akawa hahitaji hata chupa ya kunyunyizia. Siku ya tatu alifuta uso na kuendelea. Mipango hakufa njaa. Aliajiriwa kuosha magari ya mtu mwingine, na alimwambia kila mteja kwamba yuko pale kwa muda tu, anasoma mazingira. Mama yao alikuja kupiga simu siku moja kuulizia wajukuu, akaongea habari za mvua na za mbuzi, na jina la Mipango halikutajwa na yeyote kati yao.

Baridi ikaja, msimu ambao mafriji hayaharibiki na mafundi hupiga miayo. Miaka mingine miezi hiyo walikula kwa kukopa. Safari hii mashine mpya, iliyonunuliwa kwa sahihi mbili, ilikuwa kibandani, na kodi ilikuwa imelipwa mbele mpaka mama mwenye nyumba akanong'ona kuuliza kama wanataka kununua nyumba, maana haiuzwi. Si kwamba raha ilikuwa imejaa. Fundi Baridi aliendelea kuona vitu vya bei ya kutupa kila anapopita. Mara mbili alimshawishi mkewe waende kutoa "kidogo tu". Mara mbili walipanga foleni asubuhi nzima, wakachokana, wakagombana kwa kunong'ona juu ya nani aliyesahau kitambulisho, na walipofika dirishani karani alikuwa ameenda kula. Walirudi nyumbani hawasemeshani, pesa zimebaki palepale.

Kisha hoteli moja ikafungwa, ikawa inauza mafriji yake mabovu kwa mkupuo. Fundi Baridi aliyakagua yote, akayapiga makofi ubavuni, akarudi macho yanawaka. Sita kati yake yanafufuka, alisema, akataja gharama ya kila moja na bei ya kuliuza. Mama Pacha alimuuliza maswali mpaka akaishiwa. Kila swali lilikuwa na jibu. Ilikuwa mara ya kwanza amsikie mume wake akiongelea pesa za mwezi ujao kana kwamba mwezi ujao ni mahali anapopajua.

Asubuhi walikwenda. Vitambulisho vyote viwili vilikuwepo, karani alikuwepo. Mama Pacha akasaini. Fundi Baridi akasaini. Karani akachukua fomu, akailinganisha na ile ya zamani, akakunja uso.

"Baba, hii si sahihi yako."

"Ni yangu. Si umeniona nasaini?"

"Hii ina mkia. Ile haina mkia, ina nukta mbili. Siwezi kutoa pesa."

"Inategemea na siku," alieleza Fundi Baridi kwa upole. "Siku nyingine naweka mkia."

Mama Pacha alifumba macho. Nyuma yao foleni ilianza kusonya. Karani akawaambia warudi kesho, na mzee afanye mazoezi ya ile ya nukta mbili.

Walirudi wakiwa wamechoka kama waliobeba yale mafriji kichwani. Mwenye hoteli alipigiwa simu, akakubali kuwangojea mpaka kesho mchana. Jioni ile Fundi Baridi alikaa mezani na gazeti la zamani na kalamu ya watoto, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, anajaza ukingo wote kwa jina lake. Pacha walisimama nyuma yake wanamsahihisha. Mama Pacha alipita na kikapu cha nguo, akachungulia juu ya bega lake.

"Hiyo tena ina mkia," alisema.

"Huu si mkia. Kalamu imeteleza."

"Baba Pacha, andika jina lako kama mtu mwenye akili timamu. Watoto, mhesabieni nukta."

Akaweka kikapu chini, akavuta kiti, akakaa kumwangalia mpaka alipopatia.